Mguu Usiolia

Ninyi vijana wa pikipiki, nawaona kila asubuhi hapa Kasongo. Mgonjwa amekaa katikati, ndugu yake nyuma, sufuria inaning'inia kando, na kabla injini haijashika moto mmekwisha kupatana bei. Sawa. Mtu asiyepatana bei hujuta njiani, na mimi nimepatana mpaka nikaota mvi. Lakini swali la pili mnalitupa kama ganda la ndizi: tunampeleka kwa nani? "Kwa munganga," mnasema, na vumbi linatufunika. Munganga yupi? Mnadhani mguu ni mguu tu, na nyumba yoyote yenye harufu ya dawa inatosha.

Mimi nilikuwa kapita wa kipoyi. Najua kipoyi hamkijui, basi nieleze. Wakati wa Wabelgiji barabara ya gari ilipita pale ilipopita, na watu waliugua mahali pengine. Tulichukua mwanzi mmoja mrefu uliokomaa, tukafunga chini yake blanketi nene kama kitanda, mgonjwa akalala ndani. Mtu mmoja mbele, mmoja nyuma, mwanzi begani, na wawili wanatembea kando wakingoja zamu. Kapita ndiye anayechagua watu, anapatana na familia, anajua njia, na wakifika ndiye anayepokea lawama. Kazi hiyo niliifanya kutoka vijiji vya Kabambare, hata vile vya kando ya mto Luama, mpaka lopitalo, yaani hospitali, ya Kasongo. Kila kitu nilihesabu mara mbili, watu na mizigo: mara ya kwanza kwa sababu ni kazi, mara ya pili kwa sababu nawajua watu.

Wengi hudhani kipoyi ni kazi ya mabega. Bega huota sugu, likanyamaza. Kipoyi ni kazi ya nyayo. Ndiyo maana nikajifunza miguu, yetu na ya wale tuliowabeba, kama ninyi mnavyojifunza matairi.

Tuanze na funza, maana hapo ndipo watu walipopoteza safari nyingi. Funza haihitaji munganga. Inahitaji mwanamke mwenye macho mazuri na mkono usiotetemeka, sindano iliyopitishwa kwenye moto, na mwenye mguu anayekubali kutukanwa kidogo. Lakini enzi zile sindano ya dawa ilikuwa imetuchanganya akili. Tulikuwa tumeona watoto wenye buba, nyayo zimepasuka hata wanatembea kwa pembeni kama kaa wa mtoni, wakachomwa sindano, na baada ya siku chache wanacheza mpira. Tangu hapo kila mtu alitaka sindano, hata aliyegombana na mke wake.

Mzee mmoja mwenye shamba kubwa la pamba alitubebesha njia nzima mpaka dispanseri, akilia vidole vinamla. Infirmie, muuguzi wa pale, alivitazama, akamtazama yeye.

"Baba, nyumbani kwako hakuna mwanamuke mwenye macho?"

"Mwanamuke iko," mzee akajibu. "Lakini sindano yake si ya Bula Matari."

Ndivyo tulivyoiita Serikali ya Wabelgiji, Bula Matari. Infirmie alicheka, akamtoa funza kwa pini ileile ambayo mke angeitumia, na tukambeba kurudi. Mzee alikuwa mzito kwenda na kurudi. Funza hazikupunguza kitu.

Mguu ulioteguka una njia yake. Unaloweka kwenye maji, unapumzisha, na mkandaji mwenye adabu anakuja kesho, si leo, kwa sababu leo umekasirika. Mfupa uliotoboa ngozi, usipite kwa mtu yeyote, nenda lopitalo siku ileile hata kama bibi yako analia akitaja jina la fundi wake wa mifupa. Kidonda kinachonuka, dispanseri. Na mfupa uliovunjika ndani, ngozi ikiwa nzima, kwetu ulikuwa na wenyewe, mafundi wa kuunga mifupa. Bora kwao wote upande wa Kabambare alikuwa Mama Sangwa, mwanamke mfupi mwenye vidole vinene kama mihogo midogo, ambaye alipapasa mguu akiwa ametazama juu ya paa.

Mama Sangwa alitibu kwa kuku. Msicheke. Ukimletea mguu uliovunjika, ulileta na kuku. Alimvunja kuku mguu mahali palepale ulipovunjika wako, akaunganisha wote wawili, akafunga wote wawili kwa vijiti na kamba za gome. Kuku alikaa kwake chini ya tenga. Siku kuku alipokanyaga chini bila kuchechemea, ndipo na wewe ulifunguliwa. Kuku hajui kujifanya shujaa, alisema, na hana haraka ya kurudi kazini.

Sasa nifike kwa Amisi.

Amisi alikuwa mtu wangu wa mbele. Kapita wote wa njia yetu walichagua mtu wa mbele kwa namna moja. Tulimwaga uani maganda ya ngazi, zile kokwa ngumu za mchikichi zikishapasuliwa, makali kama chupa iliyovunjika. Mtu akapita juu yake akiwa na mzigo. Aliyekunja uso aliwekwa nyuma, au kando. Aliyepita kama anapita juu ya mkeka aliwekwa mbele, kwa sababu mtu wa mbele akiruka jiwe moja, mgonjwa anarushwa na wa nyuma anaanguka. Njia nzima kutoka Kabambare hakuna kapita aliyeona ubaya wowote katika desturi hiyo. Tuliirithi, na ilitupatia safari laini.

Amisi alipita juu ya maganda akiniuliza habari za bei ya chumvi. Wenzake walimpigia makofi. "Huyo amezaliwa na viatu," wakasema. Nilimweka mbele siku ileile, na watu wa njiani wakaanza kutaka kundi la Amisi, si kundi la kapita. Nilivumilia, kwa kuwa bei ilipanda.

Wakati mmoja wa kiangazi tulikuwa tunavuka kijito tukiwa na mama mjamzito ndani ya blanketi. Mguu wa Amisi uliingia kati ya mawe mawili, na mimi niliyekuwa kando nikasikia kitu kinalia kama kuni mbichi. Amisi hakusimama. Alipanda kilima chote, akatufikisha, akamshusha mama yule polepole kuliko siku zote. Tulipokaa, kifundo cha mguu wake kilikuwa kimejaa kama papai.

"Amisi, muguu wako!"

Akautazama kama anatazama mguu wa jirani. "Umekula sana," akasema. "Kapita, nisaidie kuupeleka kwa muke wangu ulale."

Tulicheka. Jioni ile watu walimtungia wimbo. Mtu anapanda kilima juu ya mfupa uliovunjika, halii, hakunji uso, utamfanya nini kama si kumwimbia?

Infirmie wa dispanseri aliufunga ule mguu bandeji akasema, "Apumuzike. Uvimbe usiposhuka, mumulete Kasongo, maana mimi hapa sina macho ya kuona ndani." Maneno yake yalikuwa sawa kabisa. Sisi tulisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili tuliibadilisha na Mama Sangwa, ambaye alikuwa karibu.

Nilimpelekea kuku mwembamba. Niliona haina maana kuvunja mguu wa kuku mnono.

"Huyu ni nani?" Mama Sangwa akauliza.

"Kuku wa Amisi, mama."

"Huyu ni mugonjwa mwingine. Nikimuvunja, Amisi atangoja mpaka mvua mbili zipite. Lete kuku mwenye mifupa."

"Mama, mufupa ni mufupa."

"Basi lete wako nivunje."

Nilileta kuku mwingine. Kwa kupatana na yule mama sikuwahi kushinda hata mara moja.

Alianza na kuku. Kuku alilia mpaka mbwa wakaja kutazama. Kisha akashika mguu wa Amisi, akatazama juu ya paa, akavuta, akazungusha. Amisi alikuwa anatuhadithia habari za mtu wa Salamabila aliyemeza chembe ya dhahabu akaogopa kwenda chooni. Hakukatisha hadithi. Mama Sangwa akasimamisha mikono.

"Amisi, hapa inauma?"

"Hapana, mama. Endelea tu."

"Na hapa?"

"Hapana. Mikono yako iko mizuri."

Sisi wote tukasema, "Dume!" Mama Sangwa alifunga vijiti, akanawa mikono, akaenda kukaa karibu na tenga la kuku.

Baada ya wiki kadhaa kuku alikanyaga. Tulienda siku hiyo na mke wa Amisi, Feza, mwanamke mrefu wa maneno machache. Mama Sangwa akafungua kamba, na kifundo kilikuwa kinene kuliko mwanzo, cha moto kama chungu kilichoshushwa sasa hivi, na wayo katikati umeshuka kama daraja lililooza. Amisi akataka kusimama. Mama Sangwa akamkalisha kwa mkono mmoja.

"Kuku alilia," akaniambia mimi, si Amisi. "Huyu hakulia. Mimi ninatengeneza mifupa ya wenye kulia, kwa sababu kilio ndicho kinanionyesha mahali. Huu muguu unaninyima habari. Si wangu."

"Mama, tuongeze kuku mwingine."

"Hata ungeleta mbuzi."

"Basi ni wa nani?"

"Ni wa mutu wa kuuliza kwa nini umenyamaza."

"Huyo mutu iko wapi?"

"Iko Kasongo. Munamujua wote. Hamutaki kumutaja."

Uani palikuwa na watu, na wote wakapata kazi ya kufanya mahali pengine. Tulimjua kweli. Nyuma ya lopitalo kulikuwa na nyumba ndogo ya Masere, mtawa aliyetibu ukoma. Mtu hakupenda hata kuonekana akifunga kamba ya kiatu karibu na ule mlango.

Vijana, ninyi mnasikia neno hilo leo mnapita. Enzi zile lilikuwa linabomoa nyumba. Sultani, mkuu wa eneo lenu, akilisikia, anakutuma kambini kwa wenye ukoma. Ndugu wa mke wanakuja kumchukua binti yao kabla hujafunga mzigo. Sahani yako inatupwa. Amisi alielewa yote hayo akiwa bado amekaa chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekunja uso.

"Ni mufupa tu," akasema. "Nyangwe iko fundi mwingine. Kapita, nipeleke Nyangwe."

Tulimlaza kwenye kipoyi siku iliyofuata. Nilimweka mtu mwingine mbele, Feza akatembea kando yetu na kikapu kichwani. Njiani Amisi aliongea sana juu ya yule fundi wa Nyangwe, jinsi anavyokanda kwa mafuta ya mawese na jinsi wavuvi wanavyomsifu. Mimi nilihesabu njia kichwani, kisha nikaihesabu tena. Kuna mahali, kabla ya kufika Kasongo, njia inagawanyika: huku unaingia mjini, huku unaelekea Nyangwe. Pale kipoyi kikasimama, kwa sababu wabebaji walikuwa wanasubiri neno la kapita, na kapita hakuwa nalo.

"Nyangwe," akasema Amisi.

"Kasongo," akasema Feza.

Nikafanya kazi yangu ya kupatana. Nikasema, twende Nyangwe kwanza, fundi akishindwa turudi. Nikasema, au twende lopitalo kwa munganga wa mifupa peke yake, tusipite nyuma. Kila nilichokisema kilikuwa bei ya katikati, na hakuna aliyeitaka.

Feza akatua kikapu.

"Amisi, kabla hata hujavunjika mutoni, unakumbuka siku uliyokula karibu na mafiga?"

"Nakula kila siku."

"Nilisikia harufu ya nyama inaungua. Nikageuka, nikafikiri paka ameangusha nyama motoni. Ilikuwa kisigino chako, kiko juu ya kaa la moto. Wewe unakula sombe, unaniambia iongezwe chumvi."

Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Wabebaji wawili waliokuwa wanangoja zamu walirudi nyuma kidogo, kama watu wanaopisha gari.

"Feza," Amisi akasema kwa sauti ndogo, "ukisema maneno hayo mbele ya watu, nyumba imevunjika."

"Nyumba najua kuijenga," Feza akajibu. "Kisigino sijui."

Nimepatana bei maisha yangu yote, na najua pale ambapo bei imekwisha na mtu hatashuka tena. Nikawaambia wabebaji, "Kasongo." Amisi alijifunika blanketi uso mzima.

Munganga muzungu wa lopitalo alikuwa mtu wa kisu, jina lake lilijulikana mpaka mbali kwa sababu ya kisu hicho. Niliogopa ataukata mguu kabla hatujamaliza salamu. Aliushika, akausikiliza joto lake kwa mgongo wa mkono, akamwangalia Amisi machoni wakati anaubonyeza. Akasema maneno marefu, na infirmie akayatafsiri kwa mafupi: "Anasema yeye ni munganga wa kisu. Akikata leo, atakuwa ametibu muguu na kuacha ugonjwa. Munende nyuma."

Nataka mlishike hilo kuliko yote. Siku zile nilikuwa nimekutana na watu wawili waliosema "si wangu": mwanamke wa kuku na muzungu wa kisu. Hawakuwahi kuonana, na kila mmoja angedharau zana za mwenzake. Lakini tangu hapo nikitafuta munganga, namtafuta yule anayejua pale kazi yake inapoishia. Anayetibu kila kitu, kuanzia kifundo mpaka mapenzi, mpite kwa mwendo mzuri, msalimie, endelea.

Nyuma ya lopitalo Masere alitukalisha kwenye benchi nje, kwenye mwanga. Alikuwa mzungu mzee, Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, hata matusi madogo aliyajua. Akatoa kipande cha pamba, akakisokota ncha. Pamba ileile ambayo Bula Matari alitulazimisha kulima mpaka migongo ikapinda.

"Baba Amisi, funga macho. Nikikugusa, onyesha kwa kidole."

Akamgusa mkono. Amisi akaonyesha. Akamgusa shavu. Akaonyesha. Akamgusa goti, Amisi akaonyesha haraka, karibu kwa furaha, kama mwanafunzi anayejua majibu. Kisha pamba ikashuka. Chini ya goti. Pembeni mwa muundi. Juu ya kifundo. Kisigino, pale penye kovu la kaa. Katikati ya wayo. Kidole kwa kidole. Alirudia, polepole zaidi. Amisi alikuwa ametulia, kidole chake kimenyooka tayari, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlango.

Halafu akasema kwa heshima, "Masere, anza basi."

Feza akageuza uso. Masere aliweka mkono wake mzima juu ya wayo ule, na Amisi bado alikuwa anangoja.

Alipofungua macho, akauona mkono ulipo. Hakuhitaji kuelezwa, lakini Masere alimweleza. Kwamba mguu hautoi habari, ndiyo maana ulivunjika na ukaendelea kutembea juu ya kuvunjika kwake, mfupa ukasagika ndani. Kwamba si uchawi wala laana. Kwamba kuna vidonge siku hizi, si kama zamani, vya kunywa kwa miaka. Kwamba mguu utawekwa plasta na usikanyage chini, hata hatua moja, mpaka aseme yeye. Na kwamba yote hayo yatafanyika kambini, nusu siku kutoka mjini.

"Na huyu?" Amisi akauliza, bila kumtazama Feza.

"Kambini iko nyumba za wenye ndoa. Ni yeye wa kujibu."

Feza alikuwa amekwisha kunyanyua kikapu.

Nitawaambia kilichotokea baadaye, msikae mnahangaika. Mguu haukukatwa. Ulipona ukiwa mgumu, umenyooka kama mchi, na Amisi alirudi nyumbani baada ya misimu mingi ya mvua, akiwa na viatu vya mpira wa gari alivyotengenezewa kule. Kila siku kabla jua halijazama alikaa mlangoni, akageuza nyayo zake juu na kuzitazama, kisha Feza akazitazama, maana macho ndiyo yaliyochukua kazi ya ngozi. Mwiba ukionekana, unatolewa. Lengelenge likionekana, anakaa. Hakubeba tena. Wengine hawakukaa naye kwenye mkeka mmoja mpaka walipokufa. Na mimi maganda ya ngazi niliyatia motoni. Nilianza kuweka mbele wale waliokunja uso. Kapita wengine walinicheka, wakachukua watu wangu wagumu, nikawaachia.

Kwa hiyo mgonjwa wa mguu akipanda pikipiki yako, kabla ya bei, muulize: inauma wapi? Akilia, akitukana, akikukataza kugusa, shukuru, huyo mwenye habari anaweza kuelekezwa. Mguu umevimba, una kidonda, na mwenyewe anacheka na kukuomba umpitishe sokoni kwanza, huyo ndiye wa kuogopea. Siku hizi wanasema hata ugonjwa wa sukari unanyamazisha miguu hivyohivyo. Mpeleke kwa mtu atakayemfunga macho na kumgusa. Usikubali kwanza mkandaji, usikubali fundi wa mifupa, hata kama ni shangazi yako.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya kutoka lopitalo kwenda kambini.

Wabebaji wangu walikuwa wameondoka. Waliacha hata chakula chao. Nikaenda sokoni kutafuta wengine, maana sokoni Kasongo hakuna kitu kisichopatikana.

"Unabeba nini, kapita?" mbebaji mmoja akaniuliza.

"Mutu."

"Anapelekwa wapi?"

Nikaitaja kambi. Yule mtu akachukua kofia yake.

"Taja bei yako," nikamwambia. "Yoyote."

"Hii haina bei, kapita."

Nilizunguka soko lote na jibu likawa lilelile. Niliporudi, Feza alikuwa amekunja kitambaa na kukiweka begani. Mwanamke hakuwahi kuwekwa chini ya mwanzi wa kipoyi, si kwetu, si kwa Bula Matari, ambaye alitubebesha karibu kila kitu. Hakuniuliza. Alikwenda mbele, akainama, nami nikaingia nyuma.

Sasa mjue kwamba mtu wa nyuma haoni njia. Anaona blanketi na mgongo wa mwenzake tu. Wa mbele ndiye anayemwitia kilichoko chini, na wabebaji tulikuwa na maneno yetu ya mkato kwa hilo. Feza hakuyajua. Alisema tu alichokiona.

"Hapa muzizi."

"Hapa maji, si mengi."

Alitembea vibaya, mwanzi ukapanda na kushuka, na mimi nikaurekebisha kwa nyuma kadiri nilivyoweza. Amisi alikuwa ndani, amejifunika uso. Njia fupi ilipita kando ya soko.

"Hapa watu," Feza akasema, na hatua zake zikapungua.

"Wanafanya nini?" sauti ikatoka chini ya blanketi.

"Wanatutazama."

"Ni wengi?"

"Ni wengi. Na kaka yangu iko."

Mwanzi ukasimama. Nikasema kwa nyuma kwamba iko njia nyingine, ndefu, nyuma ya nyumba.

"Feza," Amisi akasema, "nifunulie uso. Wakitaka kutazama, watazame mutu, wasitazame muzigo."

Feza akanyoosha mkono nyuma, akavuta blanketi bila kugeuka. Amisi akajiinua kwa kiwiko, akawaamkia kwa majina, mmoja mmoja, akianza na shemeji yake. Wachache waliitikia. Shemeji hakuitikia, lakini alikuwa amesimama katikati ya njia, na baada ya kitambo nikaona vumbi la miguu yake likisogea pembeni.

"Hapa pamefunguka," Feza akasema. "Halafu muteremuko. Kapita, shika."

Nikashika.